Somo la Afya: Mishipa ya Damu Iliyo Nyuma Kabisa ya Jicho, na Jinsi Inavyopigwa Picha na Kupimwa



Leo tunajifunza juu ya macho. Wengine watasema, "Aa, macho tumeshafunzwa. Trakoma tunaijua, mtoto wa jicho tunamjua, miwani tunaijua." Ni kweli. Lakini leo tunaingia ndani zaidi, nyuma kabisa ya jicho, mahali ambapo hata daktari akimulika kwa tochi haoni vizuri.

Tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja katika kikundi, omogaka wa miaka sabini na kitu, alituambia kwamba jicho lake la kushoto limeanza kumchezea. Akiangalia mwimo wa mlango, anauona umepinda. Mistari ya majani chai aliyoipanda mwenyewe kwa kamba anaiona imeingia tumbo katikati. Sisi tukamjibu haraka, "Omogaka, huyo ni mtoto wa jicho. Ngoja kambi ya macho ije, utapasuliwa bure." Naye akangoja miezi saba. Kambi ilipokuja, daktari alimwangalia akasema lenzi ya jicho hilo haina shida kubwa. Ugonjwa uko nyuma. Alipofika hospitali kubwa na kupigwa picha, ilionekana kwamba mishipa mipya ya damu ilikuwa imeota kutoka chini, ikavuja na kuacha kovu. Jicho hilo halikuweza kusoma tena.

Mwaka uliofuata jicho la kulia lilianza dalili ile ile. Safari hii hatukungoja hata wiki. Tulichanga nauli, akaenda, akatibiwa, na jicho hilo bado linasoma gazeti na kuhesabu pesa. Mtu ni mmoja, ugonjwa ni mmoja. Kilichotofautisha macho yake mawili ni muda tu. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

1. JICHO LIMEJENGWA NAMNA GANI?

Fikirini nyumba ya kuta tatu, moja ndani ya nyingine. Ukuta wa nje ni ule mweupe, mgumu. Huo unashikilia umbo la jicho. Ukuta wa ndani kabisa ni retina, utando mwembamba unaopokea mwanga na kupeleka habari kwenye ubongo. Kati ya hizo mbili kuna utando mwingine, laini na wa rangi nyeusi-nyeusi, uliojaa mishipa ya damu. Madaktari wanauita koroidi.

Sisi watu wa milimani tunaelewa koroidi kwa urahisi tukifikiria maji yetu. Kuna mto mkubwa kama Gucha, kuna vijito vinavyopita kati ya vilima, halafu kuna vijifereji vidogo vinavyofika shambani kwa kila mtu. Koroidi iko hivyo hivyo. Upande wa nje, karibu na ule ukuta mweupe, kuna mishipa mikubwa. Katikati kuna mishipa ya kadiri. Upande wa ndani, ikigusana na retina, kuna mishipa midogo sana iliyosukwa kama wavu. Huo wavu ndio unaoinywesha retina.

Na kazi yake si ndogo. Katika kila sehemu kumi za damu inayoingia jichoni, zaidi ya nane hupita kwenye koroidi. Chembe za retina zinazopokea mwanga hufanya kazi nyingi mno na zinataka hewa ya oksijeni kila wakati. Tena, ile sehemu ya katikati kabisa ya retina, ambayo tunatumia kusoma, kushona, kuchonga mawe ya Tabaka na kutambua sura ya mtu, haina mishipa yake yenyewe. Inategemea koroidi peke yake. Kijito cha chini kikikauka au kikifurika, hapo katikati ndipo panapoumia.

2. KWA NINI NI VIGUMU KUIONA?

Daktari alianza kuona nyuma ya jicho la mtu aliye hai mwaka 1851, wakati Hermann von Helmholtz wa Ujerumani alipotengeneza kifaa cha kuchungulia kupitia mboni. Madaktari wetu wanatumia kifaa cha aina hiyo mpaka leo. Lakini kinaonyesha retina na mishipa yake ya juu. Chini ya retina kuna safu yenye rangi nyeusi, kama pazia, inayozuia mwanga wa kawaida usipite. Kwa hiyo koroidi iko karibu, lakini imefichika kama chemchemi iliyo chini ya majani.

Hapa Kenya yetu kumefanywa kazi nzuri ya kupiga picha nyuma ya jicho. Katika mwaka wa 2007 na 2008 watafiti walipima macho ya watu zaidi ya 4,000 wenye miaka 50 na kuendelea huko Nakuru. Walirudi kwa watu hao tena mwaka 2013 na 2014. Mashine zilibebwa kwa gari mpaka mahali pasipo na stima. Kutokana na taabu hiyo, Dkt. Andrew Bastawrous na wenzake walitengeneza njia ya kupima macho kwa simu ya mkononi, pamoja na kifaa kidogo cha kuvisha kwenye simu ili ipige picha nyuma ya jicho. Hiyo ni faida kubwa kwa vijiji. Lakini tusichanganye mambo. Picha ya simu inaonyesha uso wa shamba. Maji yaliyo chini ya udongo yanahitaji vyombo vingine.

3. NJIA TATU ZA KUPIGA PICHA

Njia ya kwanza: rangi kwenye damu. Mgonjwa huchomwa sindano ya rangi kwenye mshipa wa mkono. Rangi husafiri na damu mpaka jichoni, na kamera hupiga picha nyingi mfululizo. Tangu mwaka 1961 madaktari wanatumia rangi ya manjano iitwayo fluoresini. Hiyo inaonyesha vizuri mishipa ya retina. Lakini kwenye koroidi ile mishipa midogo ina matundu, na rangi hii hupenya upesi, kama maji kwenye mfereji usiosakafiwa. Picha yote inakuwa ukungu.

Kwa hiyo kwa koroidi hutumiwa rangi ya kijani iitwayo indosianini. Hiyo hushikana na protini za damu, nazo ni kubwa, kwa hiyo hukaa zaidi ndani ya mshipa. Tena inang'aa kwa mwanga ambao macho yetu hayauoni, na mwanga huo unaweza kupenya lile pazia jeusi. Daktari huona mito mikubwa kwanza, halafu midogo, na anaweza kuona mahali mshipa umevimba kama shanga au unavuja.

Watu wanaogopa rangi hizi. Tuseme ukweli: wengine husikia kichefuchefu kidogo. Fluoresini hufanya ngozi na mkojo kuwa wa manjano kwa saa kadhaa, usishtuke. Mara chache sana mtu huvimba au kukosa pumzi, kwa hiyo kazi hii hufanywa mahali penye daktari na dawa za dharura. Ukiwa na mzio wa dawa yoyote au wa ayodini, ukiwa na ugonjwa wa ini au figo, au ukiwa mjamzito, sema kabla ya sindano. Usione haya.

Njia ya pili: mwangwi wa mwanga. Mtoto akisimama chini ya ukuta wa Manga akapiga kelele, sauti inamrudia. Ukuta ukiwa mbali, sauti inachelewa. Mashine iitwayo OCT hufanya hivyo kwa mwanga. Inatuma mwanga jichoni, na kila utando unarudisha kidogo. Kwa kuwa mwanga unakimbia kupita kiasi cha kuhesabiwa na saa, mashine inalinganisha ule unaorudi na mwanga mwingine ambao safari yake inajulikana. Kutokana na hapo inachora tabaka za jicho kama ndizi iliyokatwa kwa kisu, bila kukata chochote. Hakuna sindano, hakuna maumivu. Unaweka kidevu mahali pake, unaangalia alama, dakika chache umemaliza.

Mashine hii ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1991 huko Marekani. Mwanzoni ilionyesha retina vizuri lakini koroidi ikabaki giza. Mwaka 2008 Dkt. Richard Spaide na wenzake walionyesha namna ya kuisogeza mashine karibu zaidi na jicho ili sehemu ya ndani ndiyo ionekane vizuri. Baadaye zikaja mashine zenye mwanga wa mawimbi marefu zaidi, ambao unapenya chini bila kupotea sana.

Njia ya tatu: kuangalia kinachosonga. Mashine hupiga picha ya mahali pale pale mara kadhaa kwa haraka. Kitu kilichotulia kinafanana katika picha zote. Damu inasonga, kwa hiyo mahali pake panabadilika. Kompyuta inachukua mabadiliko hayo na kuchora ramani ya mishipa bila rangi yoyote. Ni njia nzuri, lakini haionyeshi kama mshipa unavuja, na mishipa ya chini kabisa bado inaisumbua. Kwa hiyo daktari akikuambia unahitaji pia sindano ya rangi, usifikiri anataka pesa zako tu. Muulize akueleze kila picha itamwonyesha nini.

4. KUPIMA: NAMBA ZINASEMA NINI?

Katika picha ya OCT mpimaji huweka alama juu ya koroidi, na alama nyingine chini yake, mahali ukuta mweupe unapoanzia. Umbali kati ya alama hizo ndio unene wa koroidi. Kwa watu wazima wengi, katikati ya jicho, ni karibu robo ya milimita au kuzidi kidogo. Shika karatasi tatu za kawaida pamoja ubane vidole. Ni kama huo. Ukitegemea utando kama huo kusoma maisha yako yote, utaelewa kwa nini tunasema utunzwe.

Mashine nyingine zinaenda mbele zaidi. Zinahesabu ni sehemu gani ya koroidi ni nafasi ya mishipa yenye damu, na ni sehemu gani ni nyama inayoishikilia. Hilo linamsaidia daktari kujua kama unene umeongezeka kwa sababu mishipa imejaa, au kwa sababu nyingine.

Lakini namba moja peke yake haitoshi. Mnajua wenyewe kwenye kituo cha kununulia chai. Majani yaliyochumwa kukiwa na mvua yana uzito wa maji. Koroidi nayo ina tabia hiyo. Kwa kawaida huwa nene zaidi asubuhi na nyembamba zaidi jioni. Hupungua kadiri umri unavyoenda. Kwa mtu asiyeona mbali kwa sababu jicho lake ni refu mno, koroidi huwa nyembamba sana. Kwa hiyo ukienda kupimwa mara ya pili, jaribu kwenda saa zile zile, na ikiwezekana kwenye mashine ile ile. Weka picha na karatasi zako za zamani. Picha ya mwaka jana ni ya thamani kwa daktari kuliko maneno mengi ya leo.

5. MAGONJWA GANI YANATAFUTWA?

(a) Mishipa mipya inayoota. Kwa wazee hasa, mishipa dhaifu huota kutoka kwenye koroidi, ikapenya chini ya retina na kuvuja. Mistari iliyonyooka huonekana imepinda, au doa la giza linakaa katikati. Huu ndio uliompata mwenzetu. Kuna dawa zinazochomwa ndani ya jicho ili mishipa hiyo inyauke. Bevasizumabu ni moja. Ndiyo, ni sindano jichoni. Jicho hutiwa dawa ya ganzi kwanza, na wengi wanasema hofu ilikuwa kubwa kuliko maumivu. Mara nyingi sindano moja haitoshi, lazima kurudi. Dawa huokoa kilichobaki. Kovu likishakauka, haliondoi.

(b) Maji chini ya retina. Hutokea zaidi kwa wanaume wa umri wa kati. Koroidi hunenepa na maji hupenya juu. Dawa za steroidi zinaweza kuleta shida hii. Hapa tunaonya: kuna watu wananunua vidonge vya prednisoloni au deksamethasoni dukani kwa ajili ya maumivu ya viungo au kunenepa, bila kuandikiwa na daktari. Hiyo si dawa ya mchezo. Lakini kama daktari ndiye aliyekuandikia, usiache ghafla. Rudi kwake umweleze.

(c) Uvimbe na maambukizi. Kifua kikuu, kwa mfano, kinaweza kufika mpaka kwenye koroidi. Mwenye kifua kikuu au virusi vya UKIMWI akiona ukungu ghafla, aseme kliniki siku hiyo hiyo.

(d) Kisukari na presha. Haya huharibu mishipa ya retina hasa, na koroidi nayo haiponi. Kila mwenye kisukari aangaliwe nyuma ya macho angalau mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri. Kisukari hakipigi hodi. Kinaingia kimya.

6. KIPIMO CHA DAFTARI YA HESABU

Hakuna kikundi kitakachonunua mashine ya OCT, na hatuwaambii mnunue. Lakini kuna kipimo ambacho kila nyumba inaweza kufanya. Daktari Marc Amsler wa Uswisi alikitengeneza zamani, na hospitali bado zinakitumia.

Chukueni ukurasa wa daftari ya hesabu yenye miraba. Wekeni nukta nyeusi iliyo wazi katikati. Mtu avae miwani yake ya kusomea kama anayo, ashike karatasi umbali wa kama sentimita 30, mahali penye mwanga. Azibe jicho moja kwa kiganja, bila kulifinya. Aangalie nukta tu, halafu ajibu:

- Je, mistari yote imenyooka?
- Je, kuna mahali miraba imepotea, au pana giza?
- Je, miraba mingine ni mikubwa au midogo kuliko mingine?

Halafu ageuze, azibe jicho la pili. Hili ni jambo la lazima. Mwenzetu hakujua mapema kwa sababu jicho zima lilikuwa linamfichia jicho gonjwa. Ukiangalia kwa macho yote mawili, hutagundua.

Mistari ikipinda au doa likionekana, na jambo hilo ni jipya, asingoje kambi. Aende hospitali wiki hiyo hiyo. Na akipita kipimo hiki bado si cheti cha uzima. Glakoma na kisukari vinaweza kujificha.

7. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, chagueni watu wawili, mwanamke na mwanamume, washike kazi ya macho. Mara moja kwa mwezi, kabla ya kuhesabu pesa za merigoraundi, wapitishe karatasi ya miraba kwa kila mwenye miaka 50 na zaidi, na kila mwenye kisukari au presha. Dakika tano zinatosha.

Pili, jueni njia. Mnaweza kuanzia kwa mhudumu wa afya wa kijiji au dispensari, halafu kliniki ya macho kwenye Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Ugonjwa ukihitaji bingwa wa retina, mgonjwa atapewa barua. Sabatia kule Vihiga na Kikuyu, karibu na Nairobi, ni hospitali za macho zinazojulikana. Kabla ya kupanda matatu pigeni simu muulize mambo matatu: mashine iko na inafanya kazi? Bingwa yuko siku gani? Gharama ni kiasi gani? Wenye SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, waulize pia ni huduma gani inalipiwa. Mgonjwa apelekwe na mtu, kwa sababu akitiwa dawa ya kupanua mboni haoni vizuri kwa saa kadhaa.

Tatu, wekeni mfuko wa macho. Kwa mfano, watu 20 wakitoa shilingi 50 kila wiki, hiyo ni shilingi 1,000. Kwa mwaka mmoja ni shilingi 52,000. Haitamaliza kila kitu, lakini hakuna atakayekaa nyumbani kwa kukosa nauli. Mwenzetu aliuza ng'ombe kwa ajili ya jicho ambalo lilikuwa limeshachelewa. Tungekuwa na mfuko na karatasi ile ya miraba, pengine ng'ombe angekuwa zizini na macho yote mawili yangekuwa yanasoma.

Nne, komesheni maneno ya "ni uzee tu." Omong'ina akisema haoni uzi kwenye sindano, au sura za wajukuu zimekuwa na doa, msimcheke. Na msimtie jichoni maji ya majani, asali wala matone yaliyobaki ya jirani. Ugonjwa uko nyuma, na hakuna majani yatakayofika huko.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kikundi chetu ni nani ana miaka zaidi ya 50, kisukari au presha, na hajaangaliwa macho mwaka huu?
2. Kwa nini ni lazima kuziba jicho moja wakati wa kupima?
3. Kuna tofauti gani kati ya picha ya rangi na picha ya mwangwi wa mwanga? Mmoja aeleze kwa lugha ya nyumbani.
4. Kwa nini namba ya unene wa koroidi ya asubuhi isilinganishwe ovyo na ile ya jioni?
5. Mtu akiona mistari imepinda leo, kesho asubuhi nani atampeleka, na nauli itatoka wapi?

Swali la tano msiliache mpaka mpate jibu lenye jina la mtu na kiasi cha pesa. Sisi tulilijibu tukiwa tumechelewa.